Ahmad ibn Majid: mwalimu wa bahari aliyesoma njia kwa nyota

Ukishuka ufukweni usiku usio na mwezi, mahali ambapo taa za umeme hazijafika, mbingu hujaa nyota hadi usijue uanze wapi kuzitazama. Kwa wengi wetu huo ni uzuri wa usiku tu. Lakini kwa mabaharia waliokuja katika pwani yetu zaidi ya miaka 500 iliyopita, nyota hizo zilikuwa njia, zilikuwa saa na zilikuwa kalenda.

Katika makala hii tunakusimulia maisha ya Ahmad ibn Majid, mtu ambaye maandishi yake juu ya elimu hiyo katika Bahari ya Hindi ndiyo mengi zaidi yaliyotufikia. Tutaangalia pia tuhuma nzito iliyobandikwa kwenye jina lake miaka mingi baada ya kufa kwake: kwamba ndiye aliyewaongoza Wareno kutoka Malindi hadi India. Wengi wetu tulifundishwa hivyo shuleni. Je, ni kweli?

Mtoto wa ukoo wa marubani

Ibn Majid anatajwa kuwa mzaliwa wa Julfar, mji wa bandari uliokuwa katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, kwenye Falme za Kiarabu. Mwaka aliozaliwa hukadiriwa tu kutokana na maandishi yake mwenyewe, na wanahistoria wengi huuweka katika miaka ya 1420 au 1430.

Bahari aliikuta nyumbani. Babu yake alikuwa rubani wa vyombo, na baba yake pia. Baba alijulikana zaidi katika Bahari ya Shamu, bahari nyembamba yenye miamba mingi ya matumbawe iliyojificha chini ya maji, ambako nahodha mzembe hupoteza chombo na watu kwa usiku mmoja. Mzee huyo alitunga shairi refu sana juu ya njia za bahari hiyo ili wanaomfuata wajue mahali pa kupita na mahali pa kuepuka.

Kijana Ahmad alilisoma shairi la baba yake na kulijaribu baharini. Pale alipoona baba amekosea, alisahihisha, na akaandika wazi kwamba amesahihisha. Hakufanya hivyo kwa kumvunjia heshima mzazi wake. Kwake yeye, kosa katika maelekezo ya njia lingeweza kuua watu, na kosa la namna hiyo haliachwi hata kama limeandikwa na baba.

Kwa nini aliitwa mwalimu

Hapa kuna jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalielewa kwa haraka. Leo tukisema mwalimu, tunafikiria mtu aliyesimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Zamani baharini, neno hilo la asili ya Kiarabu lilikuwa pia cheo cha mtu aliyeongoza njia ya chombo. Nahodha alisimamia chombo, watu na biashara. Mwalimu alijua mahali walipo na mahali wanapokwenda.

Neno rubani nalo lilitumika kwa waongozaji wa vyombo vya baharini muda mrefu kabla ya ndege kuwepo. Kwa hiyo unapowasikia marubani wa ndege wakitajwa redioni, kumbuka kwamba jina hilo limetoka baharini.

Ibn Majid aliichukulia kazi ya mwalimu kama amana. Katika maandishi yake alieleza kwamba mwalimu anapaswa kukikagua chombo kabla hakijaondoka, asikubali kijazwe mizigo kupita kiasi, awe mvumilivu, asiwe mlalaji, na asiache kujifunza kwa wenzake. Mtu yeyote aliyewahi kupanda mashua iliyojazwa watu na magunia mpaka maji yanakaribia ukingo anajua kwamba nasaha hiyo bado ina kazi hadi leo.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa kujishusha. Aliwataja waandishi watatu wa kale wa elimu ya bahari, watu walioheshimiwa kama simba, kisha akajiita yeye ni wa nne wao. Papo hapo aliwakosoa, kwamba walikusanya habari kwa kuuliza watu kuliko kwa kusafiri wenyewe. Yeye alitaka maneno yake yapimwe na mawimbi.

Kupima mbingu kwa vidole

Sasa tuone kazi yenyewe ilivyofanyika. Baharia aliye katikati ya maji haoni mlima wala mti. Atajuaje amefika wapi?

Jibu la mabaharia wa Bahari ya Hindi lilikuwa kupima urefu wa nyota fulani kutoka kwenye upeo wa macho, yaani pale bahari na mbingu zinapoonekana kukutana. Kipimo chao kilikuwa kidole. Nyoosha mkono wako mbele, ulaze vidole vinne, ukingo wa chini uguse upeo wa bahari. Nafasi iliyofunikwa na vidole hivyo vinne ilikuwa kipimo kimoja kikubwa, na kila kidole kilikuwa sehemu yake ya nne.

Kwa kuwa vidole vya watu havilingani, walitengeneza vibao vya mbao vya vipimo maalumu. Baadaye kikaenea kifaa kiitwacho kamal: kibao kidogo cha pembe nne chenye tundu katikati, na uzi wenye mafundo uliopitishwa kwenye tundu hilo. Baharia aliuma uzi kwa meno, akakisogeza kibao mbele mpaka uzi ukakaza, akahakikisha ukingo wa chini unagusa bahari na ukingo wa juu unagusa nyota. Fundo alilouma ndilo lililomwambia ni vidole vingapi.

Kidole kimoja kwa hesabu ya leo ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Chombo kikienda moja kwa moja kuelekea kaskazini mpaka nyota ya kaskazini ikapanda kwa kidole kimoja, kinakuwa kimesafiri karibu kilomita 180. Mabaharia waliigawa safari hiyo katika sehemu nane, kila moja ikiwa ni mwendo wa saa tatu. Nane mara tatu ni 24. Kwa maneno mengine, kidole kimoja kilikuwa mwendo wa usiku na mchana mzima, upepo ukiwa mzuri.

Kila bandari kubwa ilikuwa na kipimo chake, na walimu walivijua vipimo hivyo kwa moyo. Anayetaka kwenda bandari fulani ya India alisafiri mpaka nyota ikafika kipimo cha bandari hiyo, kisha akageuza chombo na kuendelea kuelekea mashariki bila kukiacha kipimo hicho, hadi nchi kavu itokee mbele yake.

Dira yenye majina ya nyota

Ibn Majid alikuwa na dira ya sumaku, na aliandika juu yake. Lakini pande za dira hiyo hazikuitwa kwa majina tunayotumia leo tu. Duara liligawanywa sehemu 32, na nyingi zilipewa majina ya nyota. Walichagua nyota au makundi ya nyota 15. Mahali kila moja inapochomoza palikuwa upande mmoja, na mahali inapozama palikuwa upande mwingine. Hizo ni 30. Ukiongeza kaskazini na kusini unapata 32.

Miongoni mwa nyota hizo kulikuwa na kundi ambalo mkulima yeyote wa Kiswahili analijua, au angalau mababu zake walilijua: Kilimia. Ni kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho jina lake limetokana na kulima, kwa kuwa kuonekana na kuzama kwake kuliwaashiria watu majira ya mvua na ya kazi za shamba. Kundi hilo hilo alilolitazama mkulima akiwa na jembe, baharia alilitazama akiwa ameshika usukani.

Nyota nyingine ilikuwa Suheli, nyota angavu ya upande wa kusini. Jina hilo liliingia katika Kiswahili, na kamusi za zamani hulitaja kwa maana ya kusini yenyewe.

Nyota ya kaskazini inapotoweka

Pwani yetu ilikuwa na ugumu wake. Nyota ya kaskazini, ile iliyokuwa tegemeo la mabaharia wa Uarabuni na India, hushuka kadiri unavyokwenda kusini. Ukikaribia ikweta inakuwa imeshuka mpaka usawa wa bahari, na ukiendelea mbele haionekani tena. Malindi, Mombasa, Unguja, Kilwa na Sofala zote ziko kusini ya ikweta. Mwalimu aliyeijua nyota moja tu angekuwa kama mtu aliyepokonywa fimbo gizani.

Ibn Majid na wenzake walikuwa na njia. Walitumia nyota mbili angavu zilizo jirani na ncha ya mbingu ya kaskazini, waliozoea kuziita Farkadani, ambazo hupanda juu zaidi na kuonekana hata huku kwetu. Zaidi ya hapo kusini walitumia nyota saba zilizopangika mfano wa upawa. Hizi nazo zilipofikia kilele chake upande wa kaskazini, zilipimwa kwa vidole vile vile.

Njia za huku aliziandika mahususi. Kuna shairi lake refu liitwalo Sufaliyya, kwa jina la Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa katika Msumbiji ya leo. Ndani yake anaeleza safari za pwani ya Afrika Mashariki na vipimo vya nyota vya kufuata. Nakala ya shairi hilo ilikuwa imehifadhiwa katika mji wa Leningrad, ambao sasa unaitwa St Petersburg, na mtaalamu wa Kirusi Theodor Shumovsky aliichapisha mwaka 1957 pamoja na mashairi mengine mawili.

Kwa nini mashairi? Kwa sababu baharini usiku, juu ya chombo kinachoyumba na kurushiwa maji, karatasi haisomeki. Shairi hukaa kichwani. Vina na mizani humzuia msomaji asisahau neno, kama vile watoto wetu wanavyokariri jambo upesi wakiliimba.

Kaskazi, kusi na siku ya Mwaka

Nyota zilimwambia mwalimu mahali alipo. Upepo ndio uliomwambia kama aondoke au abaki. Watu wa pwani bado wanaijua kanuni hiyo: kaskazi huleta vyombo kutoka Uarabuni na India kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi huvirudisha kuanzia kama mwezi wa 4. Lakini kusi ikishapamba moto katikati ya mwaka, bahari ya upande wa India huchafuka na bandari zake zilikuwa zikifungwa. Mwenye kuchelewa aliingia hatarini, na mwenye kuwahi mno alikosa upepo.

Ibn Majid alipanga tarehe za kuondoka kila bandari. Hakutumia miezi ya Kiislamu, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na hauendi sambamba na majira. Alihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua wenye asili ya Uajemi. Jina hilo si geni kwetu. Nairuzi ndiyo siku ya Mwaka inayosherehekewa hadi leo, kama kule Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa. Wavuvi na wakulima wa Waswahili nao walihesabu majira yao tangu siku hiyo, kwa makumi ya siku yaitwayo miongo.

Kitabu kikubwa

Ibn Majid aliandika kwa miongo mingi ya maisha yake. Mwaka 1462 alikamilisha shairi kubwa la misingi ya elimu ya bahari. Kiasi cha mwaka 1490 alimaliza kitabu chake mashuhuri cha nathari, ambacho kwa ufupi huitwa Kitabu cha Faida. Kimegawanywa katika sehemu 12. Humo anaeleza asili ya safari za baharini, vituo 28 vya mwezi mbinguni, nyota za dira, njia, vipimo, pepo, na hatari za Bahari ya Shamu. Anavieleza pia visiwa vikubwa 10 alivyovihesabu duniani, Unguja ikiwa miongoni mwake.

Sehemu inayovutia sana ni ile ya dalili za kukaribia nchi kavu. Mwalimu mwangalifu, anaeleza, hasubiri kuona mlima. Hutazama ndege wa aina gani wanapita, majani gani yanaelea, maji yamebadilika rangi vipi, na bildi imeleta tope au mchanga. Nyoka wa baharini walikuwa dalili kwamba pwani ya India iko karibu. Mvuvi wa kwetu anayenusa upepo na kutazama rangi ya maji kabla ya kutupa nyavu atamwelewa Ibn Majid bila mkalimani.

Alikuwa pia mtu wa dini, na aliandika juu ya namna ya kuutambua upande wa kibla ukiwa sehemu mbalimbali za dunia. Nyota zilizompeleka bandarini zilimsaidia pia kujua aelekee wapi akisali katikati ya maji.

Shairi lake la mwisho linalojulikana tarehe yake ni la mwaka 1500. Baada ya hapo hasikiki tena. Inaaminika alifariki muda mfupi baadaye, akiwa mzee.

Tuhuma ya Malindi

Sasa tuje kwenye lile swali. Katikati ya mwezi wa 4 mwaka 1498, merikebu za Mreno Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Zilikuwa zimeizunguka Afrika kutokea kusini, na hazikuwa na mtu anayeijua njia ya kwenda India. Zilikuwa zimegombana na watu wa Msumbiji na wa Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, aliwapokea vizuri na akawapa mwongozaji. Tarehe 24 mwezi wa 4 waliondoka. Tarehe 20 mwezi wa 5 walitia nanga karibu na Calicut, pwani ya India. Safari haikumaliza mwezi.

Yaliyofuata tunayajua: mizinga, ngome, kodi, na miji ya pwani kuchomwa. Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na kuporwa na Wareno mwaka 1505, miaka saba tu baadaye. Ndiyo maana swali la nani aliyewaonyesha njia si swali dogo. Ni sawa na kuuliza nani aliyemfungulia mwizi mlango.

Zaidi ya miaka 70 baada ya safari hiyo, mwanahistoria wa Makka aitwaye Kutbuddin an-Nahrawali aliandika kwamba aliyewaongoza Wafaranji alikuwa Ahmad ibn Majid, na kwamba walimpata kwa kumlewesha. Karne nyingi zikapita. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Ufaransa Gabriel Ferrand, ambaye ndiye aliyevichapisha vitabu vya Ibn Majid vilivyohifadhiwa Paris, aliunganisha maneno ya an-Nahrawali na safari ya kutoka Malindi. Kutoka hapo habari ikaingia katika vitabu vya shule, na ikakubalika kama kweli.

Ushahidi unasema nini?

Tuwasikilize Wareno wenyewe, maana wao ndio waliosafiri na huyo mwongozaji. Hakuna mwandishi wao hata mmoja wa wakati ule aliyemtaja Ahmad ibn Majid. Shajara iliyoandikwa ndani ya safari yenyewe inasema mwongozaji alikuwa Mkristo, na tunajua kwamba katika safari hiyo Wareno waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Waandishi wao waliofuata walisema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, nchini India. Ibn Majid alikuwa Mwarabu, si Mgujarati.

Jina wanalompa ni Malemo Cana, au Canaqua. Litazame vizuri. Malemo ni neno letu lile lile, mwalimu. Canaqua linafanana na neno la Kihindi lenye maana ya mtu wa hesabu za nyota. Basi hilo halikuwa jina la mtu. Lilikuwa cheo: mwalimu mjuzi wa nyota. Yeyote kati ya waongozaji wengi waliokuwa wakipita Malindi angeweza kuitwa hivyo.

Kuna pia umri. Mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa mzee. Na katika vitabu vyake, mtu huyu ambaye hakuona haya kujisifu, hakuna mahali anaposema aliwaongoza Wareno. Katika shairi la Sofala imo mistari inayowataja Wafaranji na kuingia kwao katika bahari hii, na sauti yake ni ya masikitiko. Wataalamu wengine wanaamini kwamba mistari hiyo iliongezwa na mkono mwingine baadaye. Kwa vyovyote vile, humo hamna kukiri kosa.

Mwingereza G. R. Tibbetts, aliyekitafsiri Kitabu cha Faida na kukichapisha mwaka 1971, aliitilia shaka hadithi ya Malindi. Mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al Qasimi, ambaye pia ni mwanahistoria, aliandika kumtetea Ibn Majid. Leo watafiti wengi wanakubali kwamba mwongozaji aliyetoka Malindi alikuwa mtu mwingine, Mgujarati ambaye jina lake halisi limepotea.

Na hata tukimweka kando Ibn Majid, tukumbuke kwamba njia haikuwa siri ya mtu mmoja. Vyombo vilikuwa vikienda na kurudi kati ya pwani yetu na India kwa mamia ya miaka. Wareno walipewa mwongozaji kwa amri ya mfalme aliyetafuta rafiki dhidi ya jirani yake. Kama kuna somo la uchungu, liko hapo. Ugomvi wa miji miwili ya jirani ndio uliomfungulia mgeni mlango.

Thamani ya elimu hiyo ilionekana wakati wa kurudi. Vasco da Gama aliondoka India mwezi wa 10, kabla kaskazi haijatulia. Safari iliyowachukua siku 23 hadi kuiona nchi kavu wakati wa kwenda iliwachukua karibu miezi mitatu kurudi. Kwa mujibu wa ile shajara, watu 30 hivi walikufa njiani, wengi kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Bahari ilikuwa ile ile. Walichokosea ni majira.

Alivyokumbukwa na mabaharia

Wakati wasomi wakibishana, mabaharia walikuwa na kumbukumbu yao. Mwaka 1554 amiri jeshi wa majini wa Uturuki, Sidi Ali Reis, aliandika kitabu cha bahari akitegemea sana kazi za Ibn Majid na za mwenzake aliyemfuata, Sulaiman al-Mahri. Miaka 300 baadaye, mwaka 1854, msafiri Mwingereza Richard Burton alipokuwa akiondoka Aden alikuta mabaharia wakisoma Fatiha kabla ya kutweka tanga, wakimwombea mzee waliyemwita Sheikh Majid. Wao waliamini ndiye aliyevumbua dira. Hilo si sahihi, dira ilikuwepo kabla yake. Lakini watu hawamsomei Fatiha msaliti kila wanapoanza safari.

Usiku wa leo, toka nje

Msikilizaji, elimu hii haijafungiwa katika maktaba za Paris na St Petersburg. Sehemu yake iko juu ya paa lako. Ukiwa pwani au bara, chagua usiku usio na mwezi. Zima taa, na simu uiweke mfukoni, kwa sababu mwanga wake huharibu macho. Subiri kama dakika 20 mpaka macho yazoee giza.

Ikiwa ni mwezi wa 2, kama saa tatu usiku, tazama kusini. Nyota angavu inayong'aa peke yake upande huo ni Suheli. Ikiwa ni mwishoni mwa mwezi wa 4 au mwanzoni mwa mwezi wa 5, saa hizo hizo, geukia kaskazini uzitafute nyota saba za upawa, zikiwa zimepinduka kama upawa unaomwagwa mchuzi. Mwezi wa 6, tazama chini zaidi upande huo huo wa kaskazini: nyota mbili zilizo jirani ni zile Farkadani. Kisha nyoosha mkono, laza vidole, upime. Utakuwa umefanya kile kile walichofanya walimu wa vyombo waliotia nanga Lamu, Malindi na Kilwa.

Na kama nyumbani kuna mzee anayejua majina ya nyota kwa lugha yenu, anayejua Kilimia kinaashiria nini na wavuvi wa zamani walirudi vipi usiku bila taa, muulize sasa. Rekodi sauti yake kwenye simu yako. Ibn Majid tunamjua leo kwa sababu aliandika. Yule mwalimu wa Kigujarati wa Malindi hatujui hata jina lake, na kwa sababu hiyo lawama yake ilibebwa na mtu mwingine kwa miaka mingi.